Shahidi Aliye Hai

Kisarawe

Mama yangu wa Kasulu, shikamoo.

Hunijui. Mimi ni Firdausi, mke wa mwanao Faraji. Wajukuu zako wawili hawajambo, na mihogo mwaka huu imekubali.

Mama, Faraji yuko mahabusu Kibaha. Alikamatwa mtaa wa Picha ya Ndege, anakochomelea mageti, akashtakiwa kuishi nchini bila kibali, kwa kuwa baba yake alikuwa mkimbizi wa Burundi na yeye hana cheti cha kuzaliwa. Tumepata wakili wa msaada wa kisheria, dada Yosefina. Alimuuliza mbele yangu, "Na mama yako je?"

Faraji akainama. "Ni Mtanzania, Muha wa Kasulu. Yu hai."

Nisamehe kwa ninaloliandika. Kabla hatujaoana alituambia umefariki. Kila Ramadhani nimekusomea Yasini ya marehemu. Baba yangu alikuwa ameapa kwamba hatamwoza bintiye kwa mtoto wa mkimbizi, ndipo Faraji akakuficha ili tusije kwenu tukajua baba yake alikuwa nani. Sijui aibu hii ni yake au ni ya nyumba yetu.

Dada Yosefina anasema ukisimama mahakamani ukasema ndiwe uliyemzaa, kesi itapata nguvu. Faraji amemsihi asikuite, eti hana uso wa kukutazama. Baba yangu naye, yule aliyeapa, leo asubuhi ameondoka kwenda kukukatia tiketi ya basi.

Njoo, mama. Ukimkuta ameinamisha kichwa, anza wewe kumsemesha.

Mkweo,
Firdausi