Niifute Sheria ya Shukrani?

Ndugu Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana wivu umenikaba na sina wa kumwambia hapa Temeke, wote ninaokaa nao wamo ndani ya jambo lenyewe. Mume wangu Leonardi ni mchonga vinyago, mtu wa maneno machache, na masika ya mwaka jana nilipoona anaanza kuzoea kilabu cha pombe nikabuni mchezo wa kumweka nyumbani, nikauita Mlima wa Majini. Kila Jumapili tunatandika mkeka, kila mchezaji ana mtu wake wa mti ambaye Leonardi amemchonga, isipokuwa mie, kwa sababu mie ndiye msimulizi na sheria inasema msimulizi hana mtu. Nasema mbele kuna simba, kuna mto umefurika, kuna jini mwenye vichwa viwili, nao wanasema watafanya nini, kisha dado zinaamua nani amepona na nani ameumia. Majirani wakajazana, hata balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja kuuliza kama ni kamari aliishia kuvua viatu akakaa.

Sasa sheria zote nilizitunga mwenyewe, na mojawapo inasema aliyeokolewa na mwenzake lazima amshukuru kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya wote. Mchezoni Leonardi ni mwindaji, jirani yetu Mwajabu ni mganga, basi kila simba akimrarua Leonardi, Mwajabu anamtibu, na huyo mume wangu ambaye akila wali wangu husema "maji" tu, mkekani anafungua mdomo, "Mganga wangu, mikono yako imenirudisha duniani," watu wanapiga makofi, Mwajabu anajifunika kanga usoni anacheka, na mie niko pale pale nimeshika dado! Nikafuta sheria ya kuvuka mto kwa kushikana mikono, nikafuta ya kula sahani moja kambini, nikafuta ya kulinda zamu wawili wawili, bado wakapata njia ya kuokoana. Jumapili iliyopita nikaliangusha pango juu ya mganga wa Mwajabu, nikasema amekufa. Mwajabu akaniuliza, "Da'Filo, mbona hujarusha dado?" Nikamjibu, "Jiwe halingoji dado." Leonardi akaukunja mkeka, na tangu siku hiyo hata hilo "maji" silisikii, ila jana kaniambia Jumapili hii watachezea kwa Mwajabu, na Mwajabu ndiye atakayesimulia.

Nikiifuta sheria ya shukrani, mume wangu atarudi kwenye mkeka wangu? Au nimfukuze huyo mwanamke kabisa? Nisaidie, usiku silali, na jina langu tafadhali usilitaje.

Msimulizi, Temeke

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, majina yenu nimeyabadili, ingawa mtu aliyekwisha kukaa kwenye mkeka wako atakujua tu. Pole sana. Mume kummwagia jirani maneno matamu huku wewe unaambulia "maji" si jambo dogo, na mimi ningeumia vilevile. Hapo niko upande wako, lakini ni hapo tu.

Maana mengine yote ni vituko. Umemuua mtu bila kurusha dado, halafu unaniuliza ufute sheria gani! Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la Mwajabu nje ya mkeka, sijaliona. Kosa lake ni kutibu majeruhi, na majeruhi unampelekea wewe. Simba anatumwa na nani? Mto anaufurisha nani? Jumapili zote hizo mumeo akikutana nawe mkekani, wewe ndiye wa kumrarua, na mwenzako ndiye wa kumfunga kidonda. Ulitaka amshukuru nani, simba?

Sheria ya kufuta ni moja, ile inayosema msimulizi hana mtu. Ya shukrani iache, na zile tatu ulizozifuta kwa hasira zirudishe. Leo hii nenda kwa Mwajabu, ubishe hodi kistaarabu, umwambie kwamba lile pango liliangushwa na wivu na kwamba mganga wake yu hai. Usianze kujitetea. Kisha mwendee mumeo anapochongea umwombe akuchongee mtu wako. Akinyamaza, kaa hapo hapo, umezoea kimya chake. Jumapili mwachie Mwajabu asimulie, wewe keti karibu na Leonardi, nawe uumwe na simba kama wenzako, na usimsahihishe msimulizi hata akikosea jina la jini.

Huenda mwindaji akakuokoa. Akikuokoa, sheria uliyoitunga mwenyewe inakudai maneno mazuri mbele ya wote. Anza kuyatafuta sasa, maana umeniandikia barua nzima juu ya maneno ambayo mumeo hakuambii, na humo ndani sijaona hata moja ulilowahi kumwambia wewe.