Kumuaga Kumi na Saba

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. U hali gani, na shemeji, na wale wapwa zangu wawili wanaokula kuliko wanavyosoma? Sisi huku wazima, isipokuwa macho ya baba. Ndiyo yaliyonikalisha kuandika, mimi niliyeiacha shule kabla haijaniacha.

Ulisema nimlete kwako kwa daktari kabla ukungu haujamfunika kabisa. Mzee akagoma. Haondoki, alisema, mpaka akaiage injini yake, ile namba kumi na saba, aliyoigonga magurudumu kwa nyundo miaka thelathini akisikiliza kama chuma kina ufa. Basi Jumapili nikaazima pikapu ya bosi. Ungeniona, dada! Kona za mlimani nilizikata kama nimezichora mwenyewe. Baba akasema naendesha kama mbuzi aliyeiba chumvi.

Tukaifuata barabara inayoambatana na reli ya zamani, mimi nikiwa macho yake. Nikamwambia hili hapa shimo la kwanza la makaa ya mawe, mnara wake umeota kutu, ndege wamejenga juu. Hizi nyumba za wachimbaji, mistari miwili, mlango mmoja bado wa buluu. Akadakia kwamba nyumba ya nne ndimo ulimozaliwa wewe, na kwamba mama akisikia honi ya treni ya makaa alikuwa akianua nguo mbiombio, maana vumbi lile halikuwa na adabu. Kwenye mdomo wa handaki la treni akaniamuru nizime gari. Akakaa akisikiliza maji yakidondoka, akitabasamu peke yake.

Stesheni ya mwisho majani yamefika kiunoni. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye chuma, nikamwambia ndiyo hii, wameipaka rangi upya, inang'aa kama kipara cha shemeji. Akatoa nyundo, akagonga gurudumu, akatega sikio. Akagonga tena. Kisha akatamka kama alivyokuwa akiwatamkia madereva: nzima, iende.

Sasa dada, keti. Ile haikuwa injini. Lilikuwa behewa la makaa lililotelekezwa. Kumi na saba haipo tangu mwaka jana, ilikatwakatwa ikawa chuma chakavu. Na aliyeikata ni mimi. Ile kazi ya kukata vyuma kwa gesi niliyojitapia kwako barua nzima, kwamba hakuna chuma kinachonishinda, ndiyo hiyo. Nilikata huku machozi yakinitoka, wenzangu nikawaambia ni moshi.

Njiani kurudi uongo ukanikaba. Nikaegesha pembeni, nikamwambia yote. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akasema behewa alilitambua kwa pigo la kwanza, na habari ya injini aliijua tangu jioni ile niliporudi kazini nikala bila kujisifu. Alikuwa ananingoja tu niseme mwenyewe. Nikamuuliza mbona alisema nzima. Akajibu kwamba gurudumu lilikuwa zima kweli, na yeye kwenye kazi hadanganyi, si kama watu fulani.

Nyundo amenipa mimi. Na Jumamosi tunakuja, tandika kitanda. Macho amekubali yatibiwe, maana nikimdanganya tena, anasema, anataka aone uso wangu.

Wabusu wapwa. Shemeji msomee, ila pale pa kipara paruke.

Ni mimi mdogo wako,
Bingwa wa Kona