Shimo la Kwenda Busia

Alhamisi jioni

Nimeshinda! Jana darasa zima lilinicheka, leo nimeshinda.

Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu hivi: tukichimba shimo lililonyooka kutoka hapa Tororo hadi Busia, mji wa jirani tu, lisilo na hewa wala msuguano, ukiteleza humo utafika kwa dakika kama arobaini na mbili. Na ukitumbukia katika shimo linalopenya dunia hadi upande wa pili, ni dakika zizo hizo. Akello, msichana anayetoka Merikit, kijiji cha mbali, ndiye aliyecheka zaidi. "Madam, si hata boda inalishinda shimo lako!"

Kilichoniudhi ni kwamba hesabu niliiamini, ila sababu sikuweza kuieleza.

Leo asubuhi Opio, anayenipeleka shule kwa boda, akazima injini kwenye mteremko kama kawaida yake. "Petroli iko bei, madam. Wacha mlima itubebe." Mteremko ulikuwa mdogo, tukajikokota. Kisha ukaja ule mkali, upepo ukaninyang'anya kitambaa cha kichwa. Nikapiga kelele, "Nimeipata!" Opio akadhani naanguka.

Darasani sikugusa chaki. Nikawasimulia miteremko ile miwili, kisha nikasema, kwa kuwa dunia ni mviringo, shimo la Busia huinama kidogo tu, ni ule mteremko mdogo: njia ni fupi, lakini mvuto unakuburuta kivivu. Lile la kupenya dunia ni refu, lakini unaporomoka kama jiwe. Ndiyo maana muda ni mmoja, popote uendapo.

Nikawatazama nyuso zao. Nikaanza kuogopa kuchekwa tena.

Ndipo Akello akauliza polepole, "Kwa hivyo, madam, ukitoka Merikit, hakuna mahali pa mbali?"

"Hakuna," nikamwambia.

Hakucheka.