Karatasi Nilizomjazia Asifiwe

Kwako Riziki, binti yangu uliye mbali,

Sketi ya bluu na shati jeupe vimefika salama. Mwenye pikipiki alivibeba kifuani, ndani ya koti lake la mvua, na pamoja na tope lote la kutoka Walikale hadi hapa Kalembe, havikupata doa. Alinipa na maneno yako: kwamba umesikia mwanao Asifiwe ni wa kwanza darasani, kwamba uliweka mwiko chini, ukatoka nje ya jiko mnalowapikia wafanyakazi wa mgodi wa Bisie, ukalia, na wapishi wenzako wakakupigia vigelegele. Nilimkaribisha chai. Nilimtazama akinywa, na ukweli sikumwambia.

Nakuambia wewe sasa. Na kwa kuwa nimeficha vya kutosha, bahasha hii siifungi. Atakayeibeba akitaka kuisoma, na aisome.

Asifiwe si wa kwanza. Pointi zile ni zangu mimi.

Nivumilie nieleze polepole. Unajua baba yako hawezi kusema jambo bila kuanzia kwenye shina.

Unakumbuka ulipokuwa darasani kwangu, mwaka wa nne, benchi moja na Odette binti wa fundi cherehani? Siku ile ya mtihani wa hesabu, saba mara nane, uliandika hamsini na nne. Odette naye aliandika hamsini na nne. Niliinua karatasi zenu mbili mbele ya darasa zima, nikaeleza kama nilivyopenda kueleza. Jibu la kweli, nilisema, ni la watu wote. Watoto arobaini wakiandika hamsini na sita, sijui nani amefikiri na nani amechungulia. Lakini kosa lina mwenyewe. Kosa moja likionekana kwa wawili waliokaa bega kwa bega, mmoja wao ni mwizi. Nikauliza ni nani. Odette akalia. Wewe ukanyamaza. Nikawapa sifuri wote wawili.

Jioni ulinibebea mfuko wa vitabu na chaki, kama siku zote. Tulipokaribia daraja la magogo ukaniuliza, "Hapa njiani, uko Papa ao bado uko Mwalimu?" Nikajibu, "Mpaka darajani ni Mwalimu." Ukatembea kichwa juu mpaka ng'ambo. Hapo ndipo ulipoweka mfuko chini, ukashika koti langu, ukalia mpaka pua ikavimba. Nilijivunia siku ile. Nilijiona mtu wa haki.

Miaka ikapita, ukamzaa Asifiwe, na daktari wa Goma akatupa jina la hali yake. Ulirudi ukilitamka kwa kila aliyeuliza: autisme. Mimi nikakutafutia la Kiswahili cha vitabu, usonji, nikakueleza kwamba si laana, si uchawi, si ujinga, ni akili iliyopangwa kwa namna nyingine. Nililijua jambo lile kwa lugha mbili. Lakini wageni walipoingia sebuleni, nani alimtuma mtoto nyuma jikoni? Uliniona. Asubuhi uliyoondoka, ukiwa tayari juu ya pikipiki, uliniambia jambo moja tu: "Papa, usimufiche. Mutu akiuliza, sema vile iko." Nikasema ndiyo.

Kisha shule ikafungwa. Hujaiona sasa. Familia zilizokimbia vita zimelala katika madarasa yote sita. Madawati yamerundikwa nje, mengine yamekwisha kuwa kuni, na sina moyo wa kumlaumu mtu anayempikia mtoto wake. Masomo yakahamia kwenye redio, kila asubuhi, na kila Jumatatu wazazi tunachukua karatasi za mazoezi kwenye baraza ya kanisa, tunazirudisha Ijumaa zikiwa zimejazwa. Anayezigawa ni Odette. Ndiye mkuu wa shule sasa. Wanamwita Mama Direktrisi, naye akiniona bado anasimama.

Mwalimu wa redio huanza kila somo kwa kengele na kwa ukelele mmoja mrefu: "Watoto wapendwa, bonjuuur!" Siku ya kwanza Asifiwe aliziba masikio, akajibana ukutani, akajiuma kifundo cha mkono. Mimi, niliyefundisha maisha yangu yote, unajua nilifanya nini? Nilidhani hafuati kwa sababu hasikii vizuri. Nikaongeza sauti. Siku ya tatu redio ikatoweka. Niliitafuta hadi kwa majirani, nikaikuta chini kabisa ya kikapu cha maharagwe, imefungwa kwa karatasi ya mazoezi kama mtu anavyofunga mkate. Niliicheka. Nikaitoa redio, karatasi nikaiacha humo humo.

Karatasi zenyewe alizipokea vizuri. Alikaa nazo kimya, kalamu ya risasi mkononi, ulimi nje. Lakini hakuandika majibu. Alitia weusi ndani ya herufi, hapa na pale, mpaka ukurasa ukaonekana kama umenyeshewa na masizi. Niliona uchafu. Niliona Ijumaa, baraza ya kanisa, wazazi wote wamepanga foleni, na mimi Mwalimu nikikabidhi uchafu ule. Nikaomba karatasi nyingine, nikasema ya kwanza imelowa. Nikaijaza kwa mkono wa kushoto, herufi zikilegea kama za mtoto. Niliweka hata kosa moja au mawili, kwa ufundi, ili isionekane safi mno. Ile ya Asifiwe niliitia moto. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Alipewa kumi na nane juu ya ishirini. Mama Bahati, jirani yetu, alipiga makofi mpaka foleni nzima ikageuka. "Hee, Mwalimu! Wako hasemi kitu, iko na kumi na munane. Wangu anasema tangu asubui mpaka jua inazama, iko na tano! Mutuuzie hiyo dawa!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hivyo ndivyo habari ilivyosafiri mpaka Bisie.

Ningeweza kuishi na kicheko kile. Lakini Inspekta aliomba kila shule majina ya watoto wasioweza kufuata masomo ya mbali. Mwalimu mmoja aliyefundishwa kwa kazi hiyo angewatembelea nyumbani mara mbili kwa wiki, na shule ikifunguliwa angekaa nao darasani. Asiye kwenye orodha atafanya mtihani kama wote. Akishindwa, mahali pake shuleni anapewa mwingine. Jambo ulilolitafuta tangu mtoto ana miaka minne lilikuwa limekuja mpaka baraza ya kanisa letu.

Nilingoja wazazi waondoke, nikamwomba Odette amwandike Asifiwe. Alifungua daftari lake la pointi, akaligeuza upande wangu.

"Mwalimu, huyu mutoto iko na kumi na munane, kumi na saba, tena kumi na munane. Inspekta ataniuliza, musaada wa nini?"

Akaweka kalamu chini. "Ao kuko kitu unataka kuniambia?"

"Hapana," nilisema.

Neno hilo moja, Riziki. Nilisimamia mitihani ya watu miaka yote ile, nikajua kila namna mtoto anavyodanganya, na mlango ulipofunguliwa mbele yangu niliufunga kwa mkono wangu. Orodha ilikwenda na majina manne. Kila Jumanne nasikia pikipiki ya mwalimu yule ikipita mbele ya ua wetu, ikielekea nyumba nyingine.

Ndipo nguo zako zikafika. Nilimvalisha Asifiwe. Sketi aliipenda, akazunguka nayo. Shati lilipogusa shingo alipiga kelele kana kwamba nimemwekea kaa la moto. Ni ile kola ngumu. Alilivua, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka mezani, akaketi mbele yake na sketi yake mpya, tumbo wazi, akilitazama. Alilitaka. Hakuweza kulivaa. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa, kisha nikachota maharagwe ya kupika, na mkono ukagusa ile karatasi ya zamani iliyofunga redio, imetiwa weusi kama zile nyingine. Ya pekee ambayo sikuichoma.

Nilichukua karatasi, nikachukua shati, nikavitia katika mfuko wangu wa vitabu, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwa Odette. Ilikuwa Ijumaa na foleni ilikuwa ndefu. Sikungoja watu waondoke. Mama Bahati alipoona ukurasa ule mweusi aliuliza, "Hii njo ya wa kwanza wetu?"

Nikasema, "Hii njo yake. Zile zingine nilijaza mimi. Huyu mtoto ana autisme. Anahitaji msaada, na mimi nimemnyima."

Hakuna aliyecheka. Mama Bahati alitazama chini, akasogea, akatupa nafasi yake.

Odette hakushangaa. Alitoa katika daftari karatasi mojawapo niliyoijaza, akaweka kidole juu ya kosa nililolitia kwa ufundi wangu. Saba mara nane: hamsini na nne.

"Mwalimu, hapa nilikuona. Hii nilipatia sifuri. Mutu hawezi kuisahau."

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Ningekuita niseme nini? Mutu anamuambia namna gani mwalimu wake kama anakopia?" Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nimekosa na mimi. Na siku ile, mimi njo nilikopia. Riziki alikosea peke yake, kosa ya ukweli. Mimi nilichungulia. Akakataa kunitaja."

Binti yangu, kosa lile lilikuwa lako halali, na kimya chako kilikuwa cha rafiki. Nilikupa sifuri kwa vyote viwili. Nisamehe. Nimechelewa, lakini naomba.

Kisha Odette akaitandaza ile karatasi ya Asifiwe juu ya goti, akaisoma kama mimi nilivyopaswa kuisoma. Alipita mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Kila herufi yenye tumbo lililofungwa, o, a, d, b, p, ilikuwa imejazwa. Sifuri zilijazwa. Nane zilijazwa matumbo yote mawili. Herufi c, yenye mdomo wazi, haikuguswa. Tatu haikuguswa. Tulitafuta aliyoiruka, sisi wawili, walimu wawili, hatukuipata.

"Anaziona, Mwalimu," alisema. "Inaomba mutu wa kuanzia hapa."

Sikuambii kwamba Asifiwe anajua kusoma. Sijui. Pengine ni michoro tu inayompumzisha. Lakini aliyefundishwa kazi hii angejua aanzie wapi, na mimi nilichoma karatasi hizo wiki baada ya wiki. Ndilo linaloniamsha kabla ya jogoo, si aibu ya foleni. Nilikuwa nimewafundisha ninyi kwamba kosa lina mwenyewe. Asifiwe alinipa lake kila wiki, na mimi nikalitupa, nikaweka langu.

Odette alifuta pointi zangu zote, akaandika sifuri katika kila wiki. Amemwandikia Inspekta kuomba jina la tano liongezwe, na ile karatasi ameiambatanisha. Jibu halijafika. Njia ni mbaya, nyakati ni mbaya, na orodha iliyokwisha kufungwa ni ngumu kufunguliwa. Sitaki kukupa furaha nyingine ya uongo. Kwa sasa Odette anakuja mwenyewe kila Alhamisi, kwa muda wa saa moja, bila redio. Kama mtihani utafika kabla ya jibu, Asifiwe anaweza kupoteza mahali pake, na wa kulaumiwa yuko hapa, jina lake unalijua.

Jambo moja tu limekwisha kufanyika. Siku ile ile nilimwonyesha Odette shati, nikamweleza habari ya shingo. Binti wa fundi cherehani aliipapasa kola. Aliomba wembe, akalaza shati juu ya daftari la pointi, akafumua kola uzi kwa uzi, akakunja pindo jembamba mahali pake. Asifiwe alisimama karibu akifuata kila uzi kwa macho. "Nani alisema kola njo inasoma?" Odette aliuliza. "Kwa shule yangu, huyu ataingia hivi."

Alilivaa pale pale. Tulirudi mchana, yeye mbele, mimi nyuma na mfuko. Darajani alisimama kwanza, akatazama nafasi kati ya gogo na gogo, kisha akavuka. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, lakini nilijibu moyoni: mpaka hapa nilikuwa Mwalimu, na nilikuwa mwalimu mbaya. Ng'ambo hii niache niwe babu yake, na baba yako.

Kola imo ndani ya bahasha. Ni yako, uliinunua kwa jasho la jikoni. Waonyeshe wapishi wenzako, waliokupigia vigelegele, na uwaeleze vile iko.

Baki na amani, mama,

Baba yako