Thelathini Niliyoiandika kwa Mkono

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unisikilize maana hapa sina wa kumwambia. Mimi ni mwandishi wa programu katika ofisi inayorekodi masimulizi ya wazee, na miaka mitano nilikaa chumba kimoja na mwenzangu tuliyemwita Fundi, yeye akiniita mdogo wangu, tukinywa chai ya chupa moja. Programu yangu hufuta rekodi kwenye mashine ya kupokelea zikishatimiza siku kadhaa, tukiamini zimeshahamishiwa hifadhi kuu, na idadi ya hizo siku niliipa jina nikaiandika juu kabisa ya faili, ili atakayetaka kuibadilisha aibadilishe hapo tu, lakini ile makro, kipande cha msimbo kinachosoma amri za mtumiaji, ikakataa jina, ikataka tarakimu yenyewe, nami nina haraka, nikaiandikia 30 kwa mkono, nikajiambia nitarudi. Sikurudi wala sikumwambia mtu.

Uhamishaji ulipochelewa, bosi akataka siku tisini, Fundi akabadilisha pale juu, programu ikaendelea kufuta kwa ile thelathini yangu. Mahojiano kumi na moja yakapotea, mawili ya wazee walioshafariki. Bosi akaona jina la Fundi kwenye badiliko la mwisho, akamfokea mbele yetu, akamhamishia stoo. Nilijua dakika ile ile, Shangazi, kwamba ni ile 30 yangu, kisha nikarekebisha kimyakimya.

Sasa chumba kizima ni changu. Nasema "hebu ona hii," nageuka, kiti kitupu. Siku nzima sisikii sauti ya mtu. Tukikutana kwenye ngazi ananiuliza, "Mdogo wangu, umeshakula?" natamani ardhi ipasuke. Nikisema nitafukuzwa, na yeye atanichukia. Nifanyeje?

Mpweke wa Ghorofani

Marahaba, mwanangu. Pole, upweke unauma. Sasa futa machozi tugombane.

Mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi, lakini hiyo makro sioni kosa lake. Ilikukatalia waziwazi, wewe ukapita mlango wa nyuma. Sawa, haraka haraka haina baraka, kila mtu wa kazi ana lake. Ila hukunyamaza kwa haraka. Umenyamaza kila siku, na kila ulipoulizwa kama umekula.

Eti atakuchukia! Kwani huyo unayemlilia yuko wapi? Yuko stoo anapanga nyaya, akiamini amepoteza sauti za marehemu.

Kesho asubuhi mwandikie bosi: tarehe, mstari, tarakimu, jina lako. Mkwe wangu, anayefanya kazi kama yako, anasema sehemu hiyo huandikwa pia bila makro, kwa njia ya kawaida inayokubali jina. Pendekeza hivyo, ila usijitetee nayo. Na anza na bosi, maana ukianza na Fundi atakuhurumia, atasema yaishe, nawe utakubali, ninavyokuona.

Kisha shuka stoo kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie yote, uombe radhi, unyamaze. Usimwombe arudi kukaa nawe. Akikupa mgongo, mwache aende. Angalau usiku huo atalala akijua si yeye aliyewanyamazisha wale wazee.