Picha ya Isaac Haifunguki

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mtu wa Arua ameandika chini ya ukurasa wangu: picha haionekani. Haionekani vipi! Nimefungua hapa kwenye kompyuta — Isaac huyu hapa, shati la kijani, meno yote nje. Simu ya huyo mtu ni mbovu tu. Namtafuta kaka yangu mtandaoni tangu mwaka jana, tulipotezana vitani, na ujumbe wa kwanza kupata ndio huu. Nimecheka peke yangu. Kucheka peke yako kunachosha.

Jumanne, 10 Juni
Nimeipunguza picha ukubwa. Nimebadilisha jina la faili. Kwangu inafunguka vizuri kabisa. Mtu wa Arua: bado.
Nimwombe nani aniangalizie? Nimepitia majina kwenye simu. Bosi. Fundi wa jenereta. Yule wa maji. Basi.

Alhamisi, 12 Juni
Nimejikaza, nimekwenda kwa Sugow, Msomali wa Garissa mwenye duka hapo nje ya ukuta wetu. Sukari nanunua kwake, lakini hatujawahi kupita salamu. Kafungua ukurasa kwenye simu yake. Jina la Isaac, namba yangu, na kisanduku kitupu.
"Dada, hapa hakuna mtu."
Hakuna mtu! Na kosa ni langu. Picha sikuipandisha mtandaoni, niliuelekeza ukurasa uichukue humu ndani ya kompyuta yangu. Ndiyo maana naiona mimi tu. Mwenye hata rafiki mmoja wa kumwambia "hebu fungua kwako" angegundua siku ile ile. Nimelia mpaka pua imeziba.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeipandisha. Sugow kaona shati, kaona meno. Anamwonyesha kila mteja, wala sikumwomba. Mpaka jana niliweza kusema hawamjui kwa sababu hawajamwona. Sasa wanamwona. Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni
Sugow kapiga simu. Kuna mama dukani, Teresina, wa Mangateen, kambi ya waliokimbia vita. Kaitazama picha, kasema, "Huyu mimi najua." Sugow kamuuliza yuko wapi. Mama kakataa. "Mimi hapana ambia wewe. Ita dada yake. Akuje, akae chini kwanza."
Akae chini! Angekuwa na habari njema si angepiga kigelegele pale pale? Au ndivyo anavyoongea tu. Wazee wanapenda watu wakae.
Duka liko hapo tu, nyuma ya ukuta. Sugow sasa ananiita kwa sauti. Nimevaa kiatu kimoja —