Chura Kwenye Mwanzi wa Harusi

Lusajo, mume wangu mdogo,

Ugonile! Huku Nkunga wazima, ng'ombe kazaa jike, na babu yako bado anakuonea wivu.

Umesema ukurasa wako wa mtandaoni wa kuuzia ndizi zetu unafunguka lakini ndizi hazitokei, na Ijumaa unamwonyesha bosi. Eti umebadilisha kila kitu kwa mkupuo, sasa hata picha zimekimbia! Mimi shule niliishia darasa la tatu, ila hilo nalijua.

Siku ya harusi yangu, maji yanayoshuka kwa mianzi kutoka chemchemi yaligoma. Kaka zangu wakang'oa mianzi yote ya uani, maana ukavu ulionekana pale, wakaipanga upya hovyo hovyo. Maji hata tone. Mama akalia, "Wakwe watakunywa nini?"

Nikakunja gauni, nikapanda mpaka chemchemini. Maji yapo. Nikashuka natega sikio kwenye kila mwanzi, mpaka nikafika uliokuwa kimya. Ndani kuna chura mnene, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Nikamtoa. Maji yakashuka mbio, yakafika kwenye ile mianzi ya kaka zangu, yakaruka, yakamlowesha bwana harusi suti yote! Akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo rudisha ulivyovuruga, kisha anzia kule ndizi zilikohifadhiwa, ushuke nazo taratibu hadi kwenye kioo cha simu, unagusa kitu kimoja kimoja.

Ijumaa tutafungua ukurasa wako kwenye simu yangu. Babu yako kasema atavaa koti la mvua.

Bibi yako, mke mkubwa